Kifungo Kifuani mwa Dada

Pale hospitali ya mji hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Vuta Pumzi, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Miaka ishirini na saba alisimama nyuma ya kioo kizito cha chumba cha eksirei akisema maneno yale yale: "Vuta pumzi. Zuia. Usipumue. Haya, pumua." Aliyasema mara sitini kwa siku. Mkewe aliapa kwamba anayasema hata usingizini, na kwamba yeye mwenyewe siku moja alijikuta kitandani amezuia pumzi, anasubiri ruhusa.

Chumba chenyewe hakikuwa na la kujivunia. Mlango mzito wenye bawaba za kutu, mashine iliyonguruma kwanza kama inayofikiria ndipo ipige, chumba cha giza cha kusafishia filamu, na nje benchi refu la mbao lililong'arishwa na makalio ya wagonjwa. Nyuma ya mlango kulikuwa na misumari minne ya kutundikia magauni ya wagonjwa. Magauni hayo aliyashona dada yake, ya kufunga kwa kamba, bila kifungo hata kimoja, kwa agizo la Vuta Pumzi mwenyewe. Kifungo hutokea kwenye picha, kikajitia ugonjwa. Siku magauni yalipokuwa yamepelekwa kufuliwa, na siku hizo zilikuwa nyingi, watu walipigwa picha na nguo zao. Hapo ndipo ujuzi wa Vuta Pumzi ulipohitajika.

Maana yule bwana alikuwa na macho, tusimnyime haki yake. Mwanafunzi wa mazoezi angetoka chumba cha giza mbio, filamu bado inachuruzika maji: "Mzee, njoo uone, huyu mama ana kitu juu ya pafu!" Vuta Pumzi angeinua ile filamu dirishani kwa vidole viwili, asihangaike hata kuvaa miwani, akasema, "Pafu gani? Msuko huo. Mwambie abane nywele, mrudie." Sarafu iliyosahaulika mfukoni, kidani, pini, chuchu ya mwanamume mnene, vyote alivijua kwa kivuli. Daktari wa kusoma picha alikuja Ijumaa tu, akakuta rundo la bahasha linamngoja. Pembeni mwa kila fomu Vuta Pumzi alikuwa ameshaandika kwa kalamu nyekundu: msuko, sarafu, kifungo. Palipoandikwa hivyo, daktari alipitisha bila kuuliza. Alimwamini. Sasa mtu akiaminiwa hivyo miaka nenda miaka rudi, kichwa lazima kimvimbe kidogo. Wewe chako kisingevimba?

Dada yake alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mama yao alipofariki, Dada alikuwa na miaka kumi na sita na mdogo wake saba. Dada akaacha shule, akakaa kwenye cherehani ya marehemu, na ni kama hakuinuka tena. Alimshonea mdogo wake sare, akamshonea mkoba wa madaftari kwa mabaki ya vitambaa, akamfikisha chuoni. Siku alipohitimu alimletea koti jeupe la kazini lenye vifungo vya kufunikwa kitambaa, vile vya mviringo visivyo na matundu, alivyovitengeneza kimoja kimoja kwa mkono. "Usije ukanitia aibu na hilo koti," alimwambia. Kisha akageukia kazi za watu.

Vifungo hivyo vya kufunika vilikuwa fahari ya Fundi. Wateja walivifuata kutoka mitaa ya mbali. Vilikuwa vimejaa kila mahali nyumbani mwake, ndani ya makopo, mezani, chini ya mkeka, na vingine alivitia kifuani ndani ya nguo ili visimpotee akiwa kazini. Mdogo wake alimtania kwamba siku akifa hatahitaji sanda, atafungwa vifungo tu, basi.

Miaka sita iliyopita Dada alishikwa na kikohozi kisichosikia dawa. Vuta Pumzi akamwambia, "Njoo Jumanne, nikupige picha mwenyewe." Alikuja. Jumanne ile benchi lilikuwa limejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, na mashine ilikuwa imeanza vituko vyake. Vuta Pumzi alikuwa na mtindo wake wa kazi: alipiga watu wanne mfululizo, ndipo aingie na filamu zote nne chumba cha giza. Mikono yake ilipanga mabega ya watu, ikainua videvu, ikasukuma viwiko mbele, huku macho yakiwa kwenye mashine. Dada alikuwa wa kwanza katika wale wanne.

Alipotoka na filamu, Dada alikuwa ameshatoka zamani, amekaa benchini na gauni lake la maua, vifungo kumi na viwili vya kufunika vimejipanga kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Vuta Pumzi akaitundika picha kwenye sanduku la taa. Mapafu safi kabisa. Ila chini, upande wa kulia, palikuwa na duara jeupe, kingo zake zimekatika vizuri, ukubwa wa kifungo cha koti. Alitafuta matundu. Kifungo cha kawaida kina matundu manne, au mawili. Hili halikuwa nalo hata moja. Kitu cha mviringo, kingo safi, hakina matundu, kwenye kifua cha mwanamke anayetengeneza vifungo vya kufunika: ungesema nini?

Alitoa kichwa mlangoni. "Dada! Umekutwa na kifungo!"

"Kifungo?" Dada akasimama kidogo, akamwangalia. Halafu akaitikia mzaha, kama kawaida yao: "Cha miaka mingapi, mheshimiwa hakimu?"

"Cha maisha!"

Benchi zima lilicheka. Mzee mmoja aliyekuwa na mkono uliovunjika alicheka mpaka akaushika mkono wake. Dada naye alicheka, akakohoa, akacheka tena. Vuta Pumzi akarudi ndani, akachukua kalamu nyekundu, akaandika: kifungo. Hakurudia picha. Kuirudia kungemchukua dakika nne.

Kikohozi kikaisha chenyewe baada ya wiki mbili, kama vikohozi vinavyoisha. Dada akaichukua filamu yake ndani ya bahasha ya kaki, maisha yakaendelea. Kila mtu akawa na shughuli zake.

Mwaka huu ndio mambo yalipoanza kwenda mrama, na yalianza kwa kitu kidogo mno, kastabini, kile kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni ili sindano isimchome. Dada alikuwa na kastabini moja tangu usichana wake. Ghafla ikakataa kuingia. Akajaribu kidole cha pili, ikakataa. Akasema, "Uzee huo, unaninenepesha vidole badala ya kuninenepesha mwili," akaitupa kwenye kopo la vifungo.

Halafu bintiye akaja hospitali kumtafuta Vuta Pumzi. Ni mwanamke mzima, mwalimu wa shule ya msingi, si mtu wa kupayuka hovyo. "Mjomba, mama anaanguka asubuhi. Akiamka anatetemeka, jasho linamtoka, anasema maneno hayaeleweki. Nikimpa chai yenye sukari nyingi anarudi kama hakuna kilichotokea. Na akipanda ngazi mbili anahema."

Jumapili alikwenda. Dada alimpokea kwa maneno yake ya siku zote, "Karibu, mheshimiwa, leo umekumbuka ulikotoka," akamnyooshea mkono. Vuta Pumzi akaushika, na hakuuachia. Ncha za vidole zilikuwa zimetuna mviringo kama migongo ya vijiko, kucha zimejikunja juu yake. Chuoni waliwahi kufundishwa jambo hilo siku moja, asubuhi moja tu: ukiona vidole vya namna hii, tazama kifua.

"Vipi, unanisomea kiganja?" Dada aliuliza.

"Kesho uje kazini kwangu," alisema. "Uje mapema."

Jumatatu alimpiga picha peke yake. Safari hii hakusubiri wanne watimie. "Vuta pumzi," alisema. "Zuia." Dada alijaribu. Alizuia kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, kisha ikamtoka yote na kikohozi juu. Akajaribu tena. Mara ya tatu Vuta Pumzi akabonyeza hivyo hivyo.

Kwenye sanduku la taa, nusu nzima ya kifua cha kulia ilikuwa nyeupe. Kutoka chini mpaka karibu na mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, nyeupe tupu, imejaa kama debe, na moyo umesukumwa upande wa pili kama mtu aliyebanwa kwenye benchi na jirani mnene. Ukingo wa juu wa ule weupe ulikuwa mviringo, safi, umekatika vizuri. Aliujua ukingo ule. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alikaa juu ya ndoo ya dawa ya kusafishia, kwenye kile chumba cha giza.

Alipotoka Dada alikuwa anafunga kamba za gauni lake. Tangu miaka mingi Dada alikuwa ameacha kujishonea nguo za vifungo. Vuta Pumzi alidhani ni mtindo mpya.

"Umeona nini?" Dada aliuliza. "Kifungo tena?"

Hakuweza hata kutabasamu. "Kuna kitu, Dada. Itabidi twende hospitali kuu."

Hospitali kuu iko mwendo wa saa tano kwa basi. Walikwenda watatu, Dada na binti na yeye. Walimlaza Dada kwenye kitanda cha mashine ya CT, ile yenye duara kubwa inayokumeza ukiwa umelala, na ndani ya mashine ikatoka sauti iliyorekodiwa ya mwanamume, nzuri, isiyo na haraka: "Vuta pumzi. Zuia." Binti akamgeukia mjomba wake kwa kicheko kidogo, "Mjomba, wamekuiba!" Yeye alikuwa anatazama kupitia kioo jinsi miguu ya dada yake ilivyokuwa inatikisika kwa kukohoa.

Daktari wa picha alikuwa mwanamke kijana, miwani juu ya paji la uso, na alimheshimu Vuta Pumzi kama mtu wa kazi moja. Alimkalisha kando yake mbele ya kioo cha kompyuta. "Uvimbe huu haukutoka ndani ya pafu, mzee wangu. Umeota kwenye utando unaolifunika. Ni nadra sana, mimi mwenyewe nimeuona mara mbili tu. Na unamwaga damuni kitu kinachoshusha sukari ya mwili, ndiyo maana mgonjwa anaanguka asubuhi. Vidole navyo vimetuna kwa sababu ya huo huo. Tutachukua nyama kidogo kwa sindano, tujue ni wa aina gani."

Walisubiri siku tisa. Siku ya kumi jibu lilitoka, na binti alilisoma mwenyewe pale ukumbini, akapiga kelele mpaka mlinzi akaja. "Si saratani! Mama, si saratani!" Akamkumbatia mama yake, akamkumbatia mlinzi, akaanza kupiga simu: kwa mumewe, kwa shangazi zake, kwa mwalimu mkuu. Si saratani, si saratani. Dada alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, anafuta machozi kwa upindo wa kitenge, anasema, "Haya, haya, mtaniaibisha mbele za watu." Wote walikuwa wanacheka isipokuwa mmoja.

Wenye kazi zao wanauita uvimbe usio mbaya. Usio mbaya! Eti kwa kuwa hausambai, hautumi watoto wake ini na ubongo, unakaa pale pale ulipozaliwa, mpole kama mgeni mwenye adabu. Ila mgeni huyo hanyanyuki. Anakula, ananenepa, anasogeza viti, anamsukuma mwenye nyumba mpaka ukutani. Ukimtoa siku ya kwanza ametoka. Ukimwacha miaka sita kwa sababu ulidhani ni kifungo, shauri yako. Vuta Pumzi aliyajua yote hayo, akasimama pale ukumbini na furaha ya watu ikimpiga masikioni.

Daktari wa upasuaji alikuwa mzee mfupi wa maneno machache. "Kikao chetu ni Alhamisi," alisema. "Tutaamua kama unaweza kutolewa. Ingetusaidia sana tukiona picha yoyote ya zamani, tujue ulikuwa wapi na umekua kwa kasi gani. Mliwahi kupiga?"

"Ndiyo!" Binti akadakia. "Mjomba ndiye aliyempiga, mwaka ule wa kikohozi. Mjomba, si unakumbuka?"

"Sikumbuki vizuri," alisema Vuta Pumzi. Lilikuwa jibu la kwanza lililomjia mdomoni, na lilimtoka laini kabisa.

"Lakini mama aliikata," binti akasema. "Si unajua mafundi. Filamu ikifika pale nyumbani haina siku mbili."

Na kweli. Filamu ya eksirei ni kitu cha thamani kwa fundi cherehani: ngumu, haipindi, haichaniki, ukikatia umbo la kola unaweza kulizungushia chaki maisha yako yote. Kwenye ukuta wa chumba cha Dada, juu ya cherehani, kulikuwa na msumari mmoja wenye vipande vyeusi vya filamu vya kila umbo: kola, mfuko, pindo la mkono, mkanda. Jumatano Vuta Pumzi alirudi mjini kwa basi la asubuhi, akafika mchana, akaenda moja kwa moja huko. Binti alibaki hospitali kuu na mama yake. Jirani ndiye aliyemfungulia.

Alivitoa vipande kimoja kimoja, akavielekeza dirishani. Mfuko ulikuwa goti la mtu. Mkanda ulikuwa mfupa wa mguu. Kola, kola kubwa ya shati la kiume, ilikuwa mbavu, na katikati ya mbavu, mahali ambapo shingo ya mteja ingekaa, palikuwa na duara jeupe. Kingo za kipande zilikuwa zimejaa chaki ya rangi zote, nyeupe, buluu, pinki, chaki ya miaka sita. Kila shati lililotoka mle ndani lilizungushiwa ule uvimbe.

Mkasi ulikuwa pale mezani. Sitaki kumtetea, nasema tu kilichotokea: aliushika. Mikato miwili tu, basi, hakuna daktari duniani ambaye angejua. Na kazini kwake fomu ya zamani ile yenye kalamu nyekundu ililiwa na mchwa zamani pamoja na kabati lake. Alisimama na mkasi wazi mpaka jirani akapiga hodi kuuliza kama anataka maji ya kunywa. Akauweka chini. Kama kipande kile kingemsaidia dada yake hata kidogo, hata kwa upana wa uzi, angekuwa nani kukikata? Alikitia ndani ya shati lake, kikagandamana na ngozi yake, baridi, na akapanda basi la kurudi.

Alhamisi madaktari watano walikaa mezani. Daktari kijana wa picha alikibandika kipande cha kola kwenye sanduku la taa, akapima kwa rula. Duara lilikuwa na upana wa sentimita mbili na nusu. Kando yake, kwenye kompyuta, lilikuwa na sentimita kumi na tisa.

"Nani alisoma hii ya zamani?" daktari wa upasuaji aliuliza.

"Mimi," Vuta Pumzi alisema. "Sikuipeleka kwa msomaji. Yaani niliipeleka, lakini nilikuwa nimeshaandika."

"Uliandika nini?"

"Kifungo."

Yule daktari kijana alianza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa. Afadhali wangemtukana, angejua pa kushika. Mzee wa upasuaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ukubwa huu," akasema, na hakusema kwa ubaya, "ningeutoa kabla ya chakula cha mchana. Baada ya wiki tatu angekuwa kwenye cherehani yake. Na usingeota tena."

Kisha akaeleza ya leo. Uvimbe ulikuwa umeuzunguka mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na umegandamana na mfuko wa moyo kwa urefu wa kiganja. Pafu la upande ule lilikuwa limekunjwa halifanyi kazi. Kumfungua ni kumfanya afie mezani. Wote watano walikubaliana. "Mpeni sukari mara kwa mara, hata usiku. Akishindwa kupumua tutamsaidia kwa oksijeni. Ni miezi. Ukifika mwaka, tushukuru."

Vuta Pumzi aliomba arudishiwe kile kipande. Hawakuwa na sababu ya kumnyima.

Walimrudisha Dada nyumbani Jumamosi ya wiki ile, na Jumatatu alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, mto mgongoni, bakuli la sukari na kijiko kando ya mkasi. Binti alikuwa amekwenda shule. Ndugu walikuwa bado wanapiga simu za pongezi. Aliyekuwa na kazi ya kumwambia mgonjwa ukweli alikuwa Vuta Pumzi, alijichagua mwenyewe, na alikaa kwenye kigoda cha wateja saa nzima akizungumza habari za barabara mbovu.

"Mdogo wangu," Dada akamkata. "Wamekataa?"

"Wamekataa, Dada."

Cherehani ikasimama. "Lakini si saratani."

"Si saratani."

"Basi nini kinaniua?"

"Mimi," alisema. Miaka hamsini na mbili yule mtu, mvi kichwani, akalia kwa kwikwi mbele ya dada yake kama siku ile waliyomzika mama. Alitoa kile kipande ndani ya shati, akakiweka juu ya meza kati ya vitambaa, akalaza kidole kwenye duara. "Hiki hakikuwa kifungo, Dada. Ndio uvimbe wenyewe huu. Nilikiona, nikaandika kifungo, nikawachekesha watu."

Dada hakukitazama kipande. Alikuwa amekitazama kila siku kwa miaka sita.

"Najua," alisema.

"Unajuaje?"

"Siku ile nilivaa gauni lenu. Lilikuwa limebaki moja nyuma ya mlango, nikalichukua, nikaacha nguo zangu zote kwenye kiti." Alisema polepole, maana pumzi haikumruhusu kusema haraka. "La kamba. Si nililishona mwenyewe? Halina kifungo, wewe ndiye uliyesema visiwepo. Uliposema kifungo nikasimama nikuambie. Lakini ulikuwa umetoa kichwa mlangoni na lile koti, na watu wote pale wanakutazama. Nikaona nitakuaibisha kazini kwako. Halafu nikasema, mimi najua nini? Labda kimoja kilinasa mwilini. Nilifika nyumbani nikajivua, nikatafuta. Nikang'oa vifungo vyote vya nguo zangu ili siku nyingine nisikuharibie picha." Akachota sukari kwa kijiko, akaimeza kavu. "Na mimi nilitaka kiwe kifungo, usijibebeshe yote peke yako."

Vuta Pumzi alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Nikuulize," Dada akasema. "Ningefungua mdomo siku ile, nikakwambia mbele ya wale watu, mdogo wangu, mimi sina kifungo, ungeirudia ile picha?"

Angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno dogo tu, na lingemwachia dada yake la kujilaumu nalo mpaka mwisho. Alimwangalia usoni, akajiona pale mlangoni, mwenye macho yake, mwenye kalamu yake nyekundu, benchi zima linamsikiliza.

"Hapana, Dada. Ningesema umesahau."

Dada akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeletewa hesabu ikawa ile ile aliyoipata yeye. "Basi," alisema. "Lete hiyo kola. Kuna shati la mtu sijalikata."

Akampa. Dada akailaza juu ya kitambaa, akaikandamiza kwa kiganja, akaanza kuizungushia chaki kwa vile vidole vyake vinene. Alifika nusu, akasimama, mkono kifuani, mdomo wazi, anaitafuta pumzi na haiji. Na mdogo wake akasimama juu yake, naye ameizuia ya kwake, hakuna wa kuwaambia wapumue.